Ramani Inasema Mji Umekua, Udongo Unakataa: Kutibu Ramani za Setilaiti za Nakuru na Kisumu

Kijana mmoja wa chuo aliniletea kompyuta yake hapa Nakuru akiwa amenuna. Ramani aliyotengeneza ilisema mji umepungua kwa robo nzima ndani ya miezi minne. "Mzee, nimerudia mara tatu," akaniambia, "na kila nikirudia nyumba zinapotea." Nikamwuliza picha ya kwanza ni ya lini. Februari. Na ya pili? Juni. Nikacheka, naye akazidi kununa. Hakuna nyumba iliyobomolewa. Mahindi yalikuwa yameota.

Tangu siku hiyo, kila anayeniletea ramani ya kushangaza humwuliza mambo matatu kabla sijagusa kibodi: picha ni ya mwezi gani, ilipigwa na setilaiti ipi, na siku ile pale chini palikuwa na nini. Mara nyingi jibu huwa limeshapatikana kabla chai haijapoa. Hapa chini nimeandika dalili ninazokutana nazo zaidi, vyanzo vyake, na dawa. Mifano ni ya Nakuru na Kisumu kwa sababu ndiko ninakojua kila kona.

Mji unapanuka wakati wa kiangazi na kusinyaa mvua ikinyesha

Hii ndiyo malaria ya kazi hii. Chanzo ni udongo mtupu. Watu wengi hutumia faharasa ya NDBI, yaani namba ya kutafuta majengo, inayolinganisha infraredi ya mawimbi mafupi na infraredi ya karibu, miale miwili isiyoonekana kwa jicho. Tatizo ni kwamba udongo mkavu na saruji huipa faharasa hiyo jibu linalokaribiana sana. Kuanzia Januari hadi Machi mashamba ya Njoro, Rongai na Bahati yamevunwa, mengine trekta limeshapita, na vumbi linapaa. Setilaiti ikitazama kutoka juu, inaona Njoro nzima kama mtaa mpya.

Dawa ya haraka ni kulinganisha mwezi na mwezi uleule. Inasaidia, lakini usiitegemee sana. Mvua ikichelewa wiki tatu, Aprili ya mwaka huu haifanani na Aprili ya mwaka juzi. Kwa Kisumu dawa hii ni dhaifu zaidi kwa sababu ya miwa. Miwa ya Miwani, Chemelil na Muhoroni haifuati kalenda ya mwaka. Hukaa shambani zaidi ya miezi kumi na miwili. Machi hii shamba limejaa miwa iliyokomaa, Machi ijayo limekatwa na kubaki tupu. Mwezi ni uleule, shamba ni lilelile, na ramani yako inatangaza mtaa mpya katikati ya miwa. Mpunga wa Ahero nao una ratiba yake ya maji: leo bwawa, baada ya wiki kadhaa kijani, kisha mabua makavu.

Dawa ninayoipenda ni hii: acha kutafuta picha moja nzuri. Kusanya picha zote za mwaka mzima, hesabu NDVI ya kila moja, yaani ile faharasa ya ukijani wa mimea, kisha kwa kila pikseli, yaani kila kiraba kidogo cha picha, chukua thamani ya juu iliyowahi kufikiwa. Shamba lolote, hata la mvivu, lazima liwe kijani wakati fulani, japo kwa magugu. Paa la bati halioti majani mwezi wowote. Pikseli ambayo ukijani wake wa juu kwa mwaka mzima bado ni mdogo, hiyo ndiyo ya kuishuku kuwa mji. Usichukue ile thamani ya juu kabisa yenyewe, maana picha moja yenye kosa itakuharibia. Chukua asilimia ya 90 au 95, yaani thamani inayozidi asilimia 90 au 95 ya thamani za mwaka ule. Na kama kuna mashamba yaliyolazwa bila kulimwa, panua kipindi hadi miaka miwili.

Yule kijana alifanya hivyo. Mji wake ukarudi, na mashamba ya Njoro yakawa mashamba tena.

Mji umeota mahali pasipokaa mtu

Fungua ramani, utazame Menengai. Kama sakafu ya kreta imepakwa rangi nyekundu ya mji, umekutana na lava. Kreta ile ina upana wa takribani kilomita 12 kwa 8, na sehemu kubwa ya sakafu yake ni mawe meusi ya volkano yasiyo na mimea ya kutosha. Kwa mashine, jiwe jeusi lisilo na majani ni lami. Jambo linalokera ni kwamba humo humo ndani kuna mabadiliko ya kweli: viwanja vya kuchimbia visima vya mvuke na barabara zake, kazi iliyoanza 2011. Kwa hiyo usiikate kreta yote na kuitupa. Chora mipaka ya lava kwa mkono, uiweke kuwa kundi lake, na uache viwanja vya visima vibaki.

Machimbo ya mawe ni dawa ileile. Ukishuka hadi Naivasha, mashamba ya maua yatakupa kesi ngumu zaidi: vibanda vya plastiki vinang'aa, vimenyooka, vina pembe nne, vimepangana kama kiwanda. Je, ni mji? Hilo ni swali la matumizi ya ardhi, na kila mtu anayeagiza ramani ana jibu lake. Mimi huvipa kundi la pekee. Saa mbili za kuchora kwa mkono zinashinda wiki nzima ya kubembeleza algoritimu.

Halafu kuna magadi. Ziwa Nakuru likikauka, kama lilivyokauka katikati ya miaka ya 1990, ufuo huacha ukoko mweupe unaong'aa kuliko uwanja wa saruji. Anayelinganisha picha ya enzi hizo na ya leo ataona "majengo" ya zamani yakimezwa na maji. Hayakuwa majengo.

Wengine hukimbilia rada wakidhani itamaliza ubishi. Rada ya Sentinel-1, setilaiti ya Ulaya, ni nzuri kweli kwa mashamba: ukuta wa nyumba na ardhi iliyo mbele yake hurudisha mawimbi kwa nguvu, wakati shamba lililolimwa na kusawazishwa hurudisha kidogo. Lakini lava imeparuza, nayo hurudisha kwa nguvu vilevile, na vibanda vya maua vina nguzo za chuma. Rada itakutibia Njoro. Menengai na Naivasha bado utazichora mwenyewe.

Jambo moja zaidi kuhusu paa. Bati jipya linang'aa, bati lenye kutu linafanana na udongo mwekundu, na vigae ni kitu kingine kabisa. Nimeona mtu akichukua sampuli zake zote za mafunzo, yaani mifano ya kuifundisha mashine, Milimani, kwenye vigae na miti, kisha akashangaa kwa nini mitaa ya mabati ya Kaptembwo na Rhonda imeonekana kama udongo. Gawa kundi la mji kwanza: mabati mapya, mabati yenye kutu, vigae, lami na saruji. Ifundishe mashine makundi hayo manne, kisha uyaunganishe mwishoni.

Nyumba zimejaa, lakini ramani haioni kitu

Hapa tufanye hesabu ya fundi. Pikseli ya Landsat, setilaiti za Marekani, ni mita 30 kwa 30, yaani mita mraba 900. Ploti ya hamsini kwa mia, ile ya futi ambayo kila dalali anauza, ni kama mita mraba 465. Kwa hiyo pikseli moja inabeba karibu ploti mbili. Nyumba ya vyumba vitatu yenye mita mraba 80 inachukua chini ya sehemu ya kumi ya pikseli hiyo. Iliyobaki ni sukumawiki, ndizi na nyasi. Mashine inaona kijani, inaandika shamba. Ndiyo sababu Kiamunyi na Ngata zilichelewa sana kuonekana kwenye ramani za Landsat, ilhali mtu akipita barabarani anaona mageti kila hatua.

Pembezoni mwa Kisumu hali ni hiyo, pengine zaidi. Kuelekea Kajulu na Mamboleo, maboma ya zamani yamezungukwa na ua wa mnyaa na miembe, na nyumba mpya za kupangisha hujengwa ndani ya boma lilelile. Ukijani haupungui vya kutosha.

Sentinel-2 ya Ulaya yenye pikseli za mita 10 itakusaidia, lakini ilianza kazi 2015 tu, kwa hiyo huwezi kurudi nayo hadi miaka ya 1980. Kwa miaka ya nyuma, acha kuuliza "mji ni au si mji" na uanze kuuliza "asilimia ngapi ya pikseli hii ni paa na lami". Kazi hiyo inaitwa kuchambua mchanganyiko wa pikseli, na si ngumu kuliko uainishaji wa kawaida.

Ukuaji mwingine hauonekani kabisa kutoka juu: ule wa kwenda juu. Nyumba fupi za zamani zikiondolewa na magorofa kusimama, eneo lililojengwa haliongezeki sana. Watu ndio wanaoongezeka. Picha ya kawaida haipimi ghorofa. Anayetaka idadi ya watu akatafute takwimu za sensa, asiisumbue setilaiti.

Ziwa limegeuka nchi kavu, au mtaa umegeuka ziwa

Kisumu: umelinganisha miaka miwili, na kipande kikubwa cha Ghuba ya Winam kimekuwa "mimea". Ni magugumaji. Yanatembea na upepo, asubuhi yako Dunga, kesho yako Usoma. Dawa ya kawaida ni kuweka kinyago cha maji, yaani kuiambia programu kwamba hapa ni ziwa milele. Lakini "milele" ya lini? Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka kilele chake cha 1964, na fuo zikamezwa. Kinyago cha miaka ya 2000 kitakuambia kwamba sehemu zilizofurika ni nchi kavu. Mafunjo ya Dunga nayo ni mimea ya kweli iliyosimama ndani ya maji, usiyafute pamoja na magugu. Mimi hutengeneza kinyago kipya kwa kila kipindi: pikseli iliyokuwa maji kwa zaidi ya nusu ya picha safi za kipindi hicho ni ziwa, hata kama siku moja imevaa kijani. Magugu huhama, kwa hiyo hushindwa kwa wingi wa kura. Mafunjo hayahami, yanabaki.

Nakuru ni kinyume chake. Tangu karibu 2010 ziwa limekuwa likipanda, likameza majengo ya hifadhi na kuwahamisha watu upande wa Mwariki. Mwanafunzi anaona eneo la mji limepungua kusini na kudhani amekosea, anaanza kubadilisha sampuli zake hadi mji "urudi". Hapana, mwanangu. Hapo ramani ilikuwa inasema kweli. Andika kundi la mpito, kutoka makazi kwenda maji, na uliache lionekane.

Tabaka mbili haziketi pamoja

Unaweka ramani moja juu ya nyingine, hazilingani. Hili ndilo linalowaliza watu wengi kuliko yote, na kwa sisi wa huku lina sababu nne tofauti ambazo hufanana kwa sura. Njia rahisi ni kupima pengo lenyewe, kisha kusoma ukubwa wake kama daktari anavyosoma kipimajoto.

Pengo la kilomita 10,000, yaani ramani moja iko Kenya na nyingine imetupwa mbali kabisa: hiyo ni ikweta. Picha za Landsat hutolewa kwa UTM ya kaskazini, mfumo wa kutaja mahali kwa mita kuanzia ikweta, hata kwa maeneo ya kusini mwa ikweta, kwa hiyo Kisumu iliyo kama kilomita 11 kusini ya mstari inapata namba ya takribani -11,000. Sentinel-2 na ramani za wapima wetu hutumia UTM ya kusini, ambayo huongeza mita 10,000,000, na Kisumu hiyohiyo inakuwa kama 9,989,000. Mahali hapajabadilika. Programu ya ramani kama QGIS itazipanga yenyewe kama kila tabaka limetangaza mfumo wake kwa usahihi. Shida hutokea mtu anapoona alama ya hasi, akaogopa, akabadilisha jina la mfumo badala ya kugeuza data. Kubadilisha jina hakuhamishi kitu. Ni kumwita mbuzi ng'ombe. Na kumbuka ikweta inapita Maseno, ndani ya kaunti ya Kisumu kwenyewe, kwa hiyo usishangae data moja ikiwa na namba za pande zote mbili.

Pengo la mamia ya kilomita, upande wa mashariki au magharibi: umechanganya kanda. Mstari wa longitudo 36 ndio mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 za UTM, na unapita kati ya jiji la Nakuru na Njoro. Mji wenyewe uko kanda ya 37, Njoro na Rongai ziko 36, Kisumu nzima iko 36. Anayefuatilia upanuzi wa Nakuru kuelekea Njoro anavuka mpaka bila kujua. Chagua kanda moja, geuza kila kitu kiingie humo, basi. Kwa Nakuru mimi hutumia 37 hata kwa Njoro. Kosa linaloongezeka ni dogo mno kulinganisha na pikseli.

Pengo la mita kama 300, hasa kaskazini na kusini: hiyo ni Arc 1960. Ramani nyingi za zamani za upimaji hapa Kenya zimechorwa kwa datamu hiyo, yaani kipimo cha umbo la dunia ambacho ramani hutegemea, wakati setilaiti zinatumia datamu nyingine, WGS 84. Namba zinafanana sana kwa sura, ndiyo maana watu hawagutuki. Barabara zinaonekana kukimbia sambamba na barabara. Tangaza datamu sahihi kwa ramani ya zamani, kisha uigeuze.

Pengo la pikseli moja au nusu: hapo data yenyewe imesogea, au umebadilisha ukubwa wa pikseli bila kufunga gridi moja. Usilipuuze. Katika mtaa wenye ploti ndogo, kusogea kwa mita 30 kunatosha kuzalisha ukingo mzima wa "mabadiliko" kila upande wa barabara.

Kijani kimeshuka ghafla kila mahali, hata msituni

Kama Msitu wa Kakamega nao umegeuka mji, acha kulaumu wakataji miti, angalia namba.

Picha za Landsat za mkusanyo wa pili zilizosahihishwa hadi uakisi wa ardhi, yaani sehemu ya mwanga ambayo ardhi hurudisha, huhifadhiwa kama namba kubwa. Lazima uzidishe kwa 0.0000275 kisha utoe 0.2. Watu husahau ile kutoa, wakidhani kwa kuwa NDVI ni uwiano haitajali. Tazama: mmea mzuri una uakisi wa 0.05 kwenye nyekundu na 0.35 kwenye infraredi ya karibu. NDVI yake ni 0.75. Ukitumia namba ghafi, 9,091 na 20,000, unapata takribani 0.37. Msitu umekuwa kichaka kwa kosa la hesabu ya darasa la sita.

Sentinel-2 ina mtego wa jamaa yake. Kuanzia 25 Januari 2022, picha zilianza kutolewa zikiwa zimeongezewa 1,000 kwenye kila namba. Mmea uleule uliokuwa na 500 na 3,500 ukawa na 1,500 na 4,500, na NDVI ikashuka kutoka 0.75 hadi 0.5 usiku mmoja. Ukilinganisha 2021 na 2022 bila kujua, utaandika ripoti ya maafa. Baadhi ya picha za nyuma nazo zimechakatwa upya zikapewa nyongeza hiyo, kwa hiyo tarehe ya kupigwa picha peke yake haitoshi. Soma maelezo ya faili. Kwenye Google Earth Engine, mtambo wa Google wa kuchakata picha mtandaoni, chagua mkusanyo wenye neno HARMONIZED katika jina lake, kazi hiyo imeshafanywa.

Na kama umeandika fomula moja kwa miaka yote: kwenye Landsat 5 na 7 infraredi ya karibu ni bendi, yaani tabaka la rangi moja la picha, ya 4. Kwenye Landsat 8 na 9 ni bendi ya 5, na bendi ya 4 ni nyekundu. Mabadiliko yanayoanza 2013 kamili, mwaka ambao Landsat 8 ilirushwa, yananifanya niombe kuona msimbo kwanza.

Mistari, mapengo na miaka isiyo na picha

Mistari myeusi ya mshazari ni Landsat 7. Kifaa chake cha kunyoosha mistari kilikufa 31 Mei 2003, na tangu hapo kila picha iliyopiga ilikosa karibu asilimia 22. Changanya picha nyingi za msimu mmoja, au tumia Landsat 5 hadi 2011. Kujaza mapengo kwa kukisia ni sawa kwa bango la ukutani, si kwa hesabu ya hekta.

Miaka ya 1990 utakuta uhaba wa kutisha. Landsat 5 haikuwa na chombo cha kurekodi picha; ilizituma papo hapo, na mfumo wake wa kupitishia kwa setilaiti nyingine ukaharibika 1992. Baada ya hapo, pasipokuwa na kituo cha kupokea ardhini, hapakuwa na picha. Usilazimishe mwaka 1995. Tumia kipindi, kwa mfano miaka mitatu au minne kwa pamoja, na useme hivyo kwenye ramani.

Kiwanda kinatoweka kila mara unapoondoa mawingu

Landsat hupita kwetu karibu saa tano kasorobo asubuhi, Sentinel-2 muda mfupi baadaye. Kwa Kisumu hiyo ni nafuu, maana ngurumo za pale mjini mara nyingi ni za alasiri na jioni. Lakini milima ya Nandi na ukingo wa Mau huwa vimeshaanza kujifunika. Kila aliyefanya kazi ya huku anajua hilo, sitalirefusha.

Kisichojulikana sana ni kwamba vichujio vya mawingu huogopa mabati. Paa kubwa jipya la ghala linang'aa kama wingu, kichujio kinalifuta, na linafutwa katika kila picha ya mwaka. Mwishoni eneo la viwanda lina shimo tupu katikati. Dalili yake ni umbo: wingu halina pembe nne. Hesabu ni mara ngapi kila pikseli imefutwa. Wingu huhama, lakini paa litakuwa limefutwa karibu mara zote. Kwa Landsat una msaada wa ziada wa bendi ya joto, kwani wingu ni baridi na bati la saa tano linaunguza. Sentinel-2 haina bendi hiyo.

Vivuli vya mawingu hugeuka maji au lava. Na kuta za Menengai hubadilisha upande wa kivuli: Juni jua la asubuhi hutoka upande wa kaskazini mashariki, Desemba kusini mashariki. Kwa hiyo, tena, linganisha mwezi na mwezi uleule.

Umetumia ramani za tayari, na Nakuru imeruka ndani ya mwaka mmoja

Ramani ya dunia ya WorldCover ilitolewa kwa mwaka 2020 na kwa 2021, zote za mita 10. Zilitengenezwa kwa matoleo mawili tofauti ya algoritimu. Kutoa moja kwenye nyingine kunapima tofauti ya mapishi pamoja na tofauti ya mji, na huwezi kuzitenganisha. Watengenezaji wenyewe wametahadharisha. Tumia moja kama msingi, mabadiliko uyapime mwenyewe.

Usahihi ni asilimia 95 lakini hakuna anayekuamini

Wana haki ya kutokuamini. Chukua eneo la kilomita mraba 1,000 ambamo mji ni 50. Ramani tupu isiyo na mji hata kidogo ingekuwa sahihi kwa asilimia 95. Sasa chukua ramani inayoonekana nzuri, iliyokosea asilimia 2 tu ya mashamba kwa kuyaita mji. Asilimia 2 ya 950 ni 19. Mji wako wa 50 umekuwa 69, na hujaona kosa lolote kwenye jedwali. Tena ukilinganisha ramani mbili, kila moja sahihi kwa asilimia 85 na makosa yake yakijitegemea, ramani ya mabadiliko inabaki na kama 72.

Kwa hiyo usihesabu pikseli na kuziita hekta. Tupa nukta za kubahatisha ndani ya kila kundi, hasa kundi la mabadiliko hata kama ni dogo, uzikague moja moja kwenye picha kali za zamani za Google Earth, kisha usahihishe eneo kwa makosa uliyoyaona na utoe kiwango cha juu na cha chini. Angalia tarehe iliyoandikwa chini ya picha kwa kila nukta. Upande mmoja wa Nakuru unaweza kuwa na picha ya mwaka tofauti na upande wa pili.

Ramani inasema shamba, mwakilishi wa wadi anasema makazi

Hili la mwisho halina kosa la kompyuta ndani yake. Nenda nje ya Lanet au upande wa Rongai. Ekari kumi zimekatwakatwa ploti za hamsini kwa mia, vigingi vimezikwa, hati zimetoka, wenyewe wako Nairobi na ng'ambo. Na katikati ya vigingi kuna mahindi, ya jirani aliyeomba alime hadi mwenyewe ajenge. Kwa sheria na soko, matumizi yameshabadilika. Kwa setilaiti, ni mahindi, na setilaiti haijakosea, kwa sababu inaona kilichofunika ardhi na haioni hati.

Dalili pekee inayoonekana kutoka juu ni barabara. Mashamba ya zamani yana njia zinazopinda kufuata mteremko na mto. Ploti zina barabara za changarawe zilizonyooka, zenye nafasi sawa, zikikutana kwa pembe kamili. Kwa Sentinel-2, barabara mpya ya mita tisa ya changarawe huonekana kama uzi hafifu, hasa mahindi yakiwa marefu pande zote mbili. Mimi huzichora kwa mkono Juni na Julai, nikaziweka katika kundi nililolipa jina "imekatwa, haijajengwa". Afisa mipango mmoja aliniuliza kundi hilo linatoka kwenye mwongozo gani. Nikamwambia halitoki popote, lakini huko ndiko atakakopeleka mabomba ya maji baada ya miaka mitano.